Kofia ya Sufi na Neno la Nne

Toshie Kuwabara alifukuliwa kwenye kifusi cha nyumba yao baada ya tetemeko la ardhi, akiwa na miaka tisa. Mdogo wake alifukuliwa pia, lakini akiwa maiti: alikuwa ameshatoka nje salama, akarudi kufuata viatu. Tangu siku hiyo Toshie hakuamini kitu chochote kilichosimama wima.

Mumewe alipohamishiwa kiwanda cha matairi Indonesia, binti yao Mikoto akaingia darasa la pili katika shule ya Kijapani ya mji ule. Kila mtoto alitakiwa awe na kofia ya tetemeko, ya kitambaa kilichojazwa pamba cha kukinga kichwa, nyuma ya kiti chake. Kina mama wengine waliagiza zao Japani, nyembamba, zenye maua. Toshie alinunua sufi ya kujazia magodoro sokoni, akaishindilia mpaka kofia ya Mikoto ikawa kama mto.

"Mama Mikoto," Mama Ryohei alimchokoza getini, "mtoto anakuja kusoma au kulala?"

"Akilala, ataamka," Toshie akajibu.

Kila asubuhi, kabla ya kutoka, Mikoto aliyasema maneno manne ya mazoezi ya tetemeko.

"Usisukume. Usikimbie. Usiongee. Usirudi."

"La mwisho tena."

"Usirudi, Mama. Hata kwa viatu."

Alhamisi moja kiwanda kilifukuza watu mia tatu. Saa nne asubuhi Toshie alikuwa shuleni, zamu yake ya kupanga vitabu, alipoona umati wa waliofukuzwa ukifurika barabarani, ukija kwenye shule ya watoto wa mabosi. Pak Sarwono, mlinzi wa shule, akatoka kuzungumza nao. Hakumaliza hata salamu. Nondo ilimpata mdomoni, kisha kisogoni, wakamkanyaga wakipita. Lori lao likarudi kinyumenyume likaugonga ukuta wa shule. Jengo zima likatikisika, vioo vikamwagika.

Mtu mmoja ofisini akafanya alichofundishwa tangu utotoni: akabonyeza kengele ya tetemeko.

Toshie aliwaona watoto wakitoka, mistari iliyonyooka, kofia vichwani, kimya, wakielekea katikati ya uwanja. Mawe yakaanza kuvuka ukuta.

"Rudini ndani!" mwalimu Nezu akapiga kelele. "Rudini!" Tofali likampasua shavu, akaanguka. Watoto wakatawanyika wakilia, wakakimbilia mlangoni.

Mmoja akabaki amesimama pale pale, mikono ubavuni. Kofia yake ilikuwa kama mto.

Toshie akapita dirishani. Kioo kilimchana kiganja mpaka mfupa ukaonekana.

"Mikoto! Rudi!"

Mtoto akamtazama, akatikisa kichwa. Akaweka kidole mdomoni. Usiongee.

Jiwe likampiga utosini. Puu! Akapiga magoti, sufi ikaruka hewani kama manyoya ya kuku. Toshie akamwangukia juu, na jiwe la pili likavunja mtulinga wake, aliusikia ukivunjika. Akamshika mtoto kwa ukosi wa kofia, akamburuta kwa mkono mmoja uliojaa damu, akimtukana kwa matusi ambayo hakujua kwamba anayajua. Kule mlangoni Mama Ryohei, aliyekuwa zamu pia, aliwavuta ndani kwa nywele.

Mikoto alikuwa na nundu tu. Pak Sarwono hakufika hospitali akiwa hai.

Shule ilipofunguliwa tena, Mama Ryohei alikuja nyumbani kwa Toshie akiwa ameshika kofia ya mwanawe yenye maua.

"Mama Mikoto, ile sufi unainunua wapi?"

Toshie akampa mfuko mzima. Hakuna aliyecheka.

Asubuhi iliyofuata Mikoto alisimama mlangoni. "Usisukume. Usikimbie. Usiongee." Akamtazama mama yake.

Toshie akachutama, mkono ukiwa kwenye tanji, kitambaa kilichofungwa shingoni.

"La nne sasa ni langu. Nikikuita, unarudi."

"Na kama ni tetemeko?"

Toshie akainua macho. Ukuta ulikuwa nyuma ya mtoto, kabati ubavuni.

"Nikikuita," akasema tena.

Akamfunga kamba za kofia chini ya kidevu. Mtoto akakohoa. Toshie akazilegeza, kidogo tu.