Mbuzi Juu ya Boneti

Gari lilikuwa la baba, na hilo ndilo lililonitia kiwewe tangu mwanzo. Lingekuwa langu, ningeliacha lichakae kama magari mengine yote ya Kitengela ya wakati ule, ambayo rangi yake ya kweli ilikuwa vumbi. Lakini mama alipofariki, baba aliacha kuendesha. Hakutueleza kwa nini. Aliliegesha nyuma ya nyumba kule kwetu magharibi, akalifunika turubai, na miezi ikapita. Mwishowe akaniita mimi, kifungua mimba wake, akaniwekea ufunguo mkononi.

"Gari isipotembea inakufa," alisema. "Enda nayo. Lakini nikikuja Krismasi nataka kuipata vile nimekupatia. Vile iko. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Na kweli nilisikia. Tatizo langu maishani halijawahi kuwa masikio.

Alilinunua miaka ya tisini, alipokuwa mwalimu mkuu, na alilitunza kuliko alivyotutunza sisi watoto. Lilikuwa la buluu. Hatukuruhusiwa kuliegemea wala kuingia ndani na muwa. Mtu pekee aliyelizoea bila hofu alikuwa mama, aliyekaa mbele, upande wa kushoto, kila Jumapili tukienda kanisani, na ambaye hakukubali hata siku moja kufunguliwa mlango. Kabla baba hajamaliza kuzunguka, mama alikuwa ameshaingiza vidole chini ya kishikio, pete yake ya ndoa ikigonga bati, huku akimwambia baba kwamba Mungu amempa mikono miwili. Baba alinung'unika, lakini Jumapili iliyofuata angezunguka tena.

Basi nikaja nalo Kitengela, nilikokuwa nimepanga nyumba, na kila asubuhi nikaliendesha hadi Kajiado kazini. Nilikuwa karani katika ofisi ya mifugo. Uwanja wa ofisi ulikuwa na mti mmoja tu wenye kivuli, mgunga mpana, na kila mgeni mwenye gari aliumezea mate. Wafanyakazi wa zamani waliegesha juani, ng'ambo kule, karibu na ukuta. Mimi niliwaona wajinga. Nilifika mapema, nikachukua kivuli, nikafunga milango na kwenda zangu ofisini nikiwa nimejipongeza.

Mwaka huo mvua ilikuwa imekataa kabisa. Siku ya chanjo, wafugaji wakaleta mifugo yao uwanjani. Nilitoka saa ya chakula cha mchana na kukuta beberu amesimama juu ya boneti ya baba yangu kwa miguu ya nyuma, shingo ameinyoosha, akila majani ya mgunga kwa raha zake. Alikuwa akijisogeza kufuata tawi, na kila akisogea kwato ziliteleza na kushika tena. Ule mlio bado naujua. Nilipiga kelele mpaka daktari wa mifugo akatoka na sindano mkononi. Beberu aliniangalia, akatafuna, akashuka alipokuwa tayari kushuka.

Mwenye beberu alikuwa mzee wa Kimaasai, mpole sana, na upole wake ulinizidishia hasira. Alinisalimu kwanza, "Sopa," akangoja niitikie, kwa maana kwake hata ugomvi hauna ruhusa ya kutangulia salamu. Nikaitikia "Epa" kwa meno. Kisha akaitazama boneti, akautazama mti, akanitazama mimi.

"Mama, pole. Lakini wewe umewekea mbuzi ngazi."

Wenzangu ofisini walicheka hadi wakashika mbavu. Mmoja alinikumbusha kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Na ningemshtaki nani? Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika mabango ya kuwahimiza watu wathamini mbuzi.

Mikwaruzo yenyewe haikuwa mikubwa. Kulikuwa na mistari minne mirefu upande wa kushoto wa boneti, na mingine midogomidogo hapa na pale. Mtu mwenye akili angeiacha. Lakini mtu mwenye akili hakuwa na baba yangu. Kila nikifumba macho nilimwona akishuka kwenye basi, akivaa miwani na kuzunguka gari mikono imefungwa mgongoni, kama alivyozunguka madawati yetu shuleni. Nilitaka jambo moja tu: alikute kama alivyoniachia, asije akasema kwamba hata kitu kimoja nilishindwa kumtunzia.

Nikaanza na dawa ya meno. Jirani yangu, mama mmoja wa Murang'a mwenye duka la nafaka, aliapa kwamba shemeji yake hutumia hiyo na gari hung'aa. Nilisugua Jumamosi nzima. Mikwaruzo midogo ilififia kweli, ila ile mirefu ilijaa dawa, ikawa myeupe, sasa ikaonekana hata ukiwa barabarani. Nikaitoa kwa kijiti. Kisha nikakumbuka kwamba mabinti wa mjini walikuwa wakipaka kucha rangi ya buluu, nikanunua kichupa. Dukani buluu ile ilifanana na gari kama pacha. Juu ya boneti ilikauka ikawa na uvimbe na kumetameta. Boneti ya mwalimu mkuu ilikuwa imevaa rangi ya disko. Niliikwangua nikilaani mbuzi, jirani, mabinti wa mjini na yeyote aliyepanda mgunga.

Ikabidi nimwone fundi wa rangi. Gereji yake ilikuwa kando ya barabara ya Namanga, mahali pasipo na ukuta wala paa, kuta zake zikiwa mashuka makuukuu aliyoyatundika kwenye kamba. Alilamba kidole, akafuta vumbi kwenye boneti, akatikisa kichwa.

"Hii rangi imechapwa na jua, madam. Nikipiga hapa tu, itakaa kiraka. Lazima nipige boneti yote."

"Piga boneti."

"Lakini sasa boneti itakataana na fenda. Nipige na fenda ya hii side. Halafu fenda itakataana na mlango."

"Na mlango utakataana na nini? Na nyumba yangu?"

"Hapana," alisema bila kucheka. "Tukifika mlango wa mbele tunaachia hapo. Watu hawaangalii nyuma."

Ningeondoka. Niliyafikiria yale macho ya baba, nikabaki. Nikamwambia apige mpaka mlango, lakini rangi ifanane, na kazi iishe kabla ya Krismasi.

Mtu anayekubali kupakiwa gari rangi Kitengela wakati wa kiangazi hana wa kumlaumu. Asubuhi fundi alipaka, alasiri upepo wa uwandani ukaamka, malori yakapita, mashuka yakapepea, na jioni nilikuta boneti imekuwa msasa. Fundi alisema hiyo si kitu. Akaisugua kwa maji na karatasi ya msasa, akapaka upya. Safari hii wadudu wakatua na kufia humo. Akasugua tena. Mimi nilikuwa nikienda Kajiado kwa kuomba lifti, na kila jioni nilishukia gerejini kugombana. Nilimwambia maneno ambayo shemasi wa kanisa hapaswi kuyajua. Yeye alinijibu neno moja, "Kesho," kwa sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa.

Siku aliponikabidhi gari sikuamini. Lilikuwa laini kama sahani mpya. Niliinama nikalitazama kutoka kila upande, nikitafuta ile mistari minne, na sikuiona. Buluu yenyewe ilikaribia kabisa. Fundi alifurahi kuniona nimenyamaza.

"Hata nimekutolea zingine," alisema, akinipeleka mlango wa kushoto. "Hapa chini ya handle kulikuwa na vimikwaruzo vingi vingi. Nimejaza, nimepiga msasa, kwisha. Hiyo ni zawadi ya Krismasi."

Nilimshukuru. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili.

Baba alikuja na basi, miwani usoni. Nilimpokea stendi, na pale pale, kabla ya chai, kabla ya habari za nyumbani, akafunga mikono mgongoni na kuanza kuzunguka gari. Alipita taa za nyuma. Alipita upande wa dereva. Aliitazama boneti, akainama, akainuka, akapita. Moyo wangu ukaanza kucheka. Kisha akafika mlango wa kushoto, akaingiza vidole chini ya kishikio, na hakuufungua. Vidole vilikwenda mbele, vikarudi, vikaenda tena. Akavua miwani.

"Hapa kulikuwa na alama."

"Fundi alizitoa, baba," nilisema haraka, bado nikitaka sifa. "Alizitoa bure."

"Zilikuwa za mama yako. Za pete."

Nilisimama. Watu walikuwa wakipita na mizigo yao, mwenye kuku akitukanana na utingo.

"Kule nyumbani nilikuwa nafunua turubai upande huu tu," baba alisema. "Kila asubuhi, kidogo, halafu nafunika." Alivaa miwani yake. "Nilikuambia vile iko."

Hakusema zaidi, siku ile wala Krismasi yote. Angenigombeza ningepona. Alikula, akaomba, akawatania wanangu, na alipokuwa akiondoka nilimpa ufunguo akaurudisha mkononi mwangu. Alisema basi litamfaa. Nililia kwa hasira, na sikujua nimkasirikie nani, kwa sababu kila mtu niliyemfikiria, pamoja na yule beberu, alikuwa amefanya kazi yake.

Wanasema mwenye kovu usidhani kapoa. Mwezi wa pili, jua lilipoikausha rangi sawasawa, ilinywea. Niliegesha Kajiado karibu na ukuta, juani, pamoja na wenzangu, na nilipogeuka nikaona boneti imeanza kuonyesha mistari ya mbuzi, yote minne, mirefu, wazi kama siku ile ya chanjo. Nilizunguka hadi mlango wa kushoto. Nikaingiza vidole chini ya kishikio, nikapapasa mbele na nyuma, kisha nikainama nikatazama.

Hapo rangi ilikuwa imeshika vizuri.