Gauni la Damu ya Mzee

Mimi na dada yangu tunalingana mabega. Amenizidi miaka tisa, lakini mabega, kiuno na urefu wa mkono ni vilevile, na mama, ambaye ni fundi cherehani, aliacha kumpima dada siku nyingi. Akitaka kumshonea kitu ananisimamisha mimi. Dada akiwa kazini, mimi ndiye mwili wake.

Ndiyo maana nilijua habari za gauni kabla ya mwenye gauni.

Ilikuwa wiki ile ambayo vyuo viwili vya unesi vilimjibu dada, vyote vikisema karibu, na vyote vikitaka jibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Dada tayari ana digrii ya baiolojia. Alisomea hapahapa Doornfontein, mtaa wa pili kutoka chumba cha mama cha kushonea, na kipindi kikiisha alikuwa anakuja kula. Baadaye akapata kazi kwenye duka la dawa huko Randburg, akakaa nyuma ya kaunta miaka mitatu. Siku moja, tukiwa tunakula, akasema amechoka kuwapa watu dawa na kuwaangalia migongo wakiondoka.

"Sijui hata kama wanapona," alisema. "Nataka kujua kama wanapona."

Mama akaacha kutafuna, akamwangalia, akasema, "Basi kasome unesi." Kwa mama mambo huwa mafupi hivyo.

Chuo kimoja kiko hapa Johannesburg. Kingine kiko Bloemfontein, saa tano kwa basi. Hicho cha pili mama alikuwa anakiita "cha akiba", kama kile kifungo kinachoshonwa ndani ya shati. Kwa hiyo majibu mawili yalipokuja, yeye hakuona kwamba kuna swali. Alikwenda kununua kitambaa.

Wanafunzi wa unesi wa chuo cha hapa wanavaa gauni la rangi ya damu ya mzee. Tunawaona kila siku wakivuka barabara karibu na uwanja wa mpira, kule Bertrams tunakokaa. Jumatatu mama alimsimamisha mmoja pale kwenye robot, yaani taa za barabarani, na kwa Kiingereza chake cha maneno matano na mikono miwili akamwomba azunguke ili auone mgongo. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya nguzo ya taa, nikijifanya simjui mama huyu ni nani. Yule msichana alicheka, akazunguka, akazunguka tena. Mama akarudi na gauni zima kichwani: mikunjo miwili mgongoni, mfuko mmoja kifuani, kola ndogo.

"Dada yako asijue," aliniambia jioni ile, pini zikiwa mdomoni. "Namkabidhi Jumatano. Simama wima."

Nikasimama wima. Pini ikaingia ubavuni, na mimi sikusema kitu. Huwa sisemi. Mama hugundua kuwa amenichoma anapoona nimefumba macho, halafu anakasirika yeye. "Wewe mtoto, siku moja nitakushona pamoja na nguo!"

Afadhali nieleze nilivyo. Nikitumwa spaza, kiduka cha mtaani, nasimama mbele ya kidirisha mpaka atokee mteja mwingine agonge, ndipo na mimi naunga, "Na mkate mmoja." Shuleni majibu nayajua, kwa Kiingereza na hata kwa Kizulu, lakini hayatoki. Dada ndiye amekuwa mdomo wangu tangu nikiwa mdogo: kliniki, kwa mwalimu wa darasa, kila mahali. Kwa mama naye ni macho, maana barua zote za Kiingereza, za mwenye nyumba na za kibali cha kuishi, ni dada anayezisoma na kuzijibu.

Jumanne dada alikuwa na mapumziko, tukapanda juu ya ghorofa letu kuanika nguo. Alikuwa anakung'uta shuka.

"Nikikwambia kitu utakaa nacho?"

"Mimi nakaa na kila kitu."

"Hilo nalijua." Akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Mimi nataka Bloemfontein."

Akanieleza huku tukivutana shuka. Chuo cha hapa kingemwanzisha moja, miaka minne, pamoja na watoto waliomaliza shule juzi. Cha Bloemfontein kinachukua watu wenye digrii zao tayari, za mambo mengine, wanaingia moja kwa moja na kumaliza kwa miaka miwili. Alipokwenda kwenye usaili alikutana na mama mmoja aliyekuwa mwalimu wa hesabu, na mwanamume aliyetoka kazi ya benki. Mkufunzi akawapa beseni, sabuni na mdoli wa plastiki mkubwa kama mtu, akawaambia wamwoshe mgongo.

"Hakuna aliyejua pa kuanzia," dada alisema. "Yule wa benki akamwomba mdoli radhi. Nakuapia! Alisema, 'Samahani, mama, maji ni ya baridi kidogo.'"

Nilicheka mpaka vibanio vikanimwagika.

"Halafu mkufunzi akatuambia, mambo ya seli mnayajua, siwarudishi huko. Hapa mtajifunza kumshika mtu." Dada alikuwa amechukua mto mmoja wa kuanikwa, umelowa, akaukumbatia bila kujijua, na blauzi yake yote ilikuwa maji. "Nilitaka nianze siku ileile."

"Sasa?" niliuliza.

"Sasa nini? Mama yuko hapa. Karatasi zake nani atasoma? Na wewe huwezi hata kumgongea mwenye spaza." Alisema kwa kucheka, akanivuta sikio, wala hakuwa ananisema. Hapo ndipo ningemwambia nenda, dada, tutaweza. Nilichosema ni hiki: "Shuka bado lina maji upande huu." Na lile gauni nalo nikakaa nalo, kama nilivyoahidi.

Jumatano mama akampa. Dada akalivaa palepale chumba cha kushonea, na lilimkaa kama alizaliwa nalo, kwa sababu lilipimwa kwangu. Akalia. Mama akamzunguka akivuta pindo huku na huku, anasema, "Alhamdulillahi, lia tu, mwanangu, furaha nayo inaliza." Dada aliniangalia juu ya kichwa cha mama. Mimi nikaangalia vipande vya nyuzi sakafuni.

Wakati wa kula akasema, "Ijumaa asubuhi nitawajibu hawa wa hapa."

Niseme kweli: nilifurahi. Nilikula sahani mbili.

Lakini Alhamisi shuleni furaha ile ilinikaa vibaya, kama kiatu cha kuazima. Kila mwalimu akigeukia ubao, mimi namwona dada amekumbatia ule mto. Baada ya shule nikaenda kwa mama. Pale alikuwepo mama wa saluni, jirani yetu kutoka Lubumbashi, amekuja kupunguziwa kitenge kiuno. Nikamwambia shikamoo, akanijibu "Bonjour, maman," kama anavyonijibu kila siku. Gauni la dada lilikuwa limening'inia kwenye msumari, limerudishwa kutiwa matundu ya vifungo. Mama alikuwa anashona na kusimulia.

"Na yeye utamwona pale kwenye robot, na gauni lake. Jioni karudi nyumbani, tunakula wote."

Nikafungua daftari la hesabu. Nikalifunga.

"Mama."

Cherehani inaendelea.

"Mama."

"Chapati zipo kwenye kopo."

"Dada anataka Bloemfontein."

Cherehani ikasimama. Mama wa saluni akageuka na kitenge chake chenye pini kiunoni. "Eh! Mutoto alisema!"

"Nani kakwambia?" mama aliuliza.

"Yeye mwenyewe. Juzi, tukianika nguo."

"Mbona mimi hakuniambia?"

Nikaliangalia gauni. "Ulikuwa umeshakata kitambaa."

Mama naye akaliangalia, muda mrefu, kwa macho yale anayomwangalia nayo mteja ambaye nguo imembana. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Kule kuna nini? Si upepo tu?"

"Kuna darasa la watu wenye digrii zao. Miaka miwili. Hapa ni minne, na anaanza upya." Nikaikalia mikono yangu. "Anakupenda ndiyo maana hasemi."

"Na karatasi zangu nani atanisomea?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Kusoma najua."

"Kusoma unajua. Na mwenye nyumba akija, nani atazungumza naye?"

Nilitaka kusema mimi. Likakataa kutoka. Eish.

"Maman," mama wa saluni alisema, "mutoto ameanza leo. Muache apumuzike kidogo." Wakacheka wote wawili, hata mama, ingawa macho yake hayakuwa yanacheka.

Akachukua simu, akampigia dada kazini, akaiweka sauti ya nje kama kawaida yake, maana mikono yake haikai bure.

"Mama? Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Haumwi mtu. Wa Bloemfontein wanavaa rangi gani?"

Tukasikia kaunta, mlango, mtu anakohoa.

"Mama..."

"Nakuuliza rangi."

"Nyeupe," dada alisema polepole. "Na utepe wa kijani mabegani."

"Nyeupe inaonyesha kila kitu. Itabidi itiwe bitana. Na kule kuna baridi, nitaiachia nafasi uvae sweta ndani."

Tukasikia dada anavuta pumzi, halafu anamwambia mteja kwa Kiingereza kwamba anaomba radhi, ni mama yake.

Kesho yake asubuhi alipita chumba cha kushonea kabla ya kwenda kazini, akawajibu wa Bloemfontein kwa simu, mama amesimama nyuma yake anachungulia.

"Umebonyeza wapi?"

"Hapa, mama."

"Hapo tu?"

"Hapo tu."

"Hakuna muhuri?"

"Hakuna muhuri, mama. Ndiyo nimekubali hivyo." Mama akatikisa kichwa, haamini kwamba jambo kubwa namna hii halina hata karatasi. Dada akanishika mkono akaubana, na kwa mara ya kwanza mimi nikawa ndiye niliyesema mengi kati yetu.

Lile la damu ya mzee bado liko kwenye msumari. Wateja wakiuliza ni la nani, mama anasema, "La mwenye mwili huu," ananionyesha mimi.

Jumamosi alinisimamisha kulipima jeupe. Dada alikuwa Randburg, anamalizia mwezi wake wa mwisho kwenye kaunta. Mama hakuwa amenizungumzia tena habari ya siku ile, wala kunishukuru, wala kunigombeza. Alikuwa anabandika pini kuzunguka kwapa, moja, ya pili, na ya tatu ikaingia kwenye nyama.

Nikafumba macho. Halafu nikayafumbua.

"Mama, unanichoma."

Mikono yake ikasimama. Aliniangalia kwa juu ya miwani.

"Wapi?"

"Hapo. Chini ya kwapa."

Akaichomoa, akaisogeza kando kidogo.

"Pole, mama," alisema. "Haya, geuka."