Dakika Tano za Sista Asabi

Sista Asabi alizijua dakika tano kama mpishi ajuavyo chumvi. Saa alikuwa nayo, imening'inia kifuani kando ya beji ndogo iliyopima mionzi iliyompata, lakini mwili wake wenyewe ulishajua kuhesabu. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa muuguzi wa vyumba vya seziamu, madini ya mionzi inayochoma saratani, katika hospitali moja ya Ibadan, na sheria ya huko ilikuwa fupi. Mgonjwa akishawekewa vijiti vya seziamu ndani ya mwili, hukai kando ya kitanda chake zaidi ya dakika tano. Unampa maji, unamwekea mto sawa, unaondoka. Yaliyobaki utayasema ukiwa mlangoni, nyuma ya ngao ya madini ya risasi izuiayo mionzi, yenye magurudumu. Na kwa kuwa Mungu alimuumba Asabi mfupi, wagonjwa waliona ncha ya kofia yake tu.

Kazi hiyo aliipenda, tena sana. Mama mkwe wake alikuwa akimkwepa, eti analeta nyumbani moto usio na moshi, mpaka Asabi alipojifungua mapacha. Tangu siku hiyo bibi alimsifu mkwe wake soko zima mpaka watu wakachoka.

Basi Jumanne moja adhuhuri akaletwa Iya Sikira, mama yake Sikira, muuza unga wa viazi vikuu, mwanamke wa kifua kipana na sauti ya kuitia wateja. Alikuwa na sarkoma, saratani ya nyama ya mfuko wa uzazi. Mfuko ulikwisha kutolewa, na seziamu ilikuwa ya kuchoma mabaki yasiyoonekana. Alitakiwa kulala chali bila kujigeuza hadi Ijumaa adhuhuri. Saa mbili tu baadaye alikwisha choka.

"Sista! Njoo unitoe vitu vyako nikauze unga wangu!"

"Bado siku tatu, Mama," Asabi alijibu kutoka mlangoni.

"Nimelala kama gogo! Mchana kweupe! Watu wakisikia watasema nini?"

"Watasema unapona. Ukijigeuza, vijiti vinahama. Vikihama vinakuunguza kibofu, na ugonjwa unabaki unakucheka."

"Usiniambie habari za subira. Subira yenyewe imeniuma kiuno." Kitanda kikalia kwi. Mwanamke yule alikuwa anajaribu kuinuka.

Alikimbia ndani, akamshika mabega, akamlaza, akamsihi, na dakika zikaisha. Alirudi mlangoni anahema. Hakujua atamzuiaje kwa siku tatu mtu ambaye haruhusiwi hata kuketi naye.

Sikira, binti wa mgonjwa, alikuwa amesimama mwisho wa ujia na bakuli la uji. Alicheka. "Huyo? Mtafutie mtu wa kucheza naye ayo. Sokoni wanaume wakimwona anakuja wanakunja bao lao wanahama."

Ayo ni bao la kwao la mashimo kumi na mawili na kete arobaini na nane, na Asabi alilelewa na baba aliyelicheza kuliko alivyolima. Alishuka getini akaazima bao la walinzi, akaliweka juu ya toroli la dawa nyuma ya ngao.

"Iya Sikira! Nasikia unajidai unajua ayo."

"Nani huyo anatafuta aibu?"

"Mimi. Utataja shimo, nami nitakuchezea, kisha nitakutajia langu."

"Kutoka huko? Na bao silioni?"

"Basi kama huwezi, lala."

"Shimo la tatu!" alifoka Iya Sikira. "Cheza, mbumbumbu wee!"

Hakujigeuza tena. Alilala ametazama dari, bao zima likiwa kichwani mwake, kila kete mahali pake. Jumatano Asabi alijaribu kumpunja kete moja.

"Weka ulipoitoa," sauti ilisema kitandani. "Shimo lako la tano lina saba. Baba yako ndiye aliyekufundisha wizi?"

Jioni zamu ilipoisha, mchezo ulifunikwa kwa taulo, na asubuhi uliendelea. Wauguzi wengine walipita ujiani wakimcheka Asabi, kwani alikuwa amefungwa mara nne mfululizo na mtu aliyelala chali.

Ijumaa adhuhuri daktari alifika na kasha lake la risasi kuja kutoa vijiti.

"Daktari, ngoja kidogo," alisema Iya Sikira. "Nina kete ishirini na tatu. Nikila mbili zaidi nimepita nusu, nimemmaliza huyu."

Daktari alicheka hadi akaegemea ukuta, akangoja. Asabi alifungwa mara ya tano.

Vijiti vilitolewa, kipimo cha mionzi kikapitishwa chumba kizima, ngao ikasukumwa pembeni. Kama ugonjwa umekwisha, hilo lingejulikana kwa miezi na miaka. Lakini mwanamke alikuwa ametulia siku zote tatu, na Asabi alifurahi kupita kiasi. Alichukua bao, akaketi kitandani kwa mara ya kwanza, akaliweka katikati yao.

"Mara ya mwisho, Mama. Sasa unaliona mwenyewe."

Wakacheza. Na ajabu, Iya Sikira akacheza ovyo kabisa. Aliacha mashimo wazi, akakosa kula kete za bure, na kwa muda mfupi tu Asabi akamfunga.

"Mama, una nini? Bao si liko mbele yako?"

"Bao nalijua, siku tatu limo kichwani." Iya Sikira alimshika mkono, hakuuachia. "Wewe ulikuwa ncha ya kofia. Ukija karibu, unatazama saa. Hebu ngoja nikuone uso wako, mwanangu."

Asabi aliifungua saa kifuani akaitia mfukoni.