Vidole vya Bibi wa Kirusi

Kila asubuhi Kidawa, mtunzaji wa wazee katika nyumba moja mjini Richardson, ughaibuni, humkuta bibi wa Kirusi ameketi dirishani, midomo ikicheza bila sauti, dole gumba likipanda na kushuka kwenye pingili za vidole. Miezi mizima alidhani ni nyiradi. Alikuwa akisimama mlangoni na beseni la maji ya moto, na mwenzake wa kazi akimhimiza, alimjibu, "Mwache amalize, anasali." Mpaka siku moja akathubutu kumuuliza anamwomba Mungu nini. Bibi akacheka hadi akakohoa. "Siombi, mwanangu. Natunga. Hapa nahesabu mizani." Kwao mashairi yake yamepigwa marufuku, na karatasi ikikamatwa huwaponza wasomaji, kwa hiyo haandiki tena, wanaoyapenda huyahifadhi kichwani.

Jumapili iliyopita Kidawa alikuwa akimchana nywele, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, nyuso za watu wa kwao bibi zimejaa kiooni, mapazia yao yamefungwa. Bibi alighani kwa sauti nzito usiyoweza kudhani inatoka katika kifua kile. Katikati akakwama. Dole gumba likasimama, na kitana cha Kidawa nacho kikasimama. Ndipo kule kwenye simu mwanamke mmoja akaushika mstari taratibu, wa pili akamfuata, kisha wote wakaghani hadi mwisho, bibi akiwasikiliza kama mwalimu wa madrasa anayesomewa kwa ghibu.

Siku hizi Kidawa anajua kwamba si sala. Bado anasubiri mlangoni, maji yakipoa.