Yasini Tatu Hadi Unguja

Mke wangu alikuwa amekwenda kujifungulia Unguja, kwa dada yake. Asubuhi moja simu ya maandishi ikaletwa nyumbani Nguvumali, Tanga: pacha, wa kiume na wa kike, mama aje upesi. Meli ya wiki ile ilikwisha ondoka. Mimi, karani wa shamba la mkonge kule Pongwe, nikaomba ruhusa, nikakata tiketi mbili za ndege.

Kazi ilikuwa kumweleza mama mkwe. Tangu nimuoe binti yake, miaka miwili, tulikuwa hatujawahi kukaa chumba kimoja, kwa heshima. Nilisimama barazani, yeye akanijibu kutoka ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Nikamweleza habari ya pacha na ya ndege. "Huko angani ni siku ngapi?"

"Dakika arobaini, mama."

Nikamsikia akimwambia jirani, "Kusoma kasoma, lakini hesabu hana."

Uwanjani abiria walipimwa kwenye mizani kama mizigo yao. Karani wa pale akautangaza uzito wa mama mkwe kwa sauti ya mnadi. Niligeukia ukutani, nikajifanya nasoma tangazo.

"Toa uzito wa buibui," mama mkwe alimwambia karani, "na kanga nne nilizovaa ndani. Kisha andika upya."

Karani akaandika vilevile.

Ndege ilikuwa ndogo, ya viti vinane, na watu wakapangwa kwa uzito ili isilalie upande. Kwa hesabu hiyo mimi na mama mkwe tukawekwa sambamba, bega kwa bega. Nikatazama kulia, yeye kushoto, shingo zimetukakamaa. Ndege iliponyanyuka akanidaka mkono, wala hakuuachia tena. Akaanza kusoma Yasini kwa sauti iliyoishinda injini. Mzungu aliyekaa mbele yetu akavua kofia.

Alikuwa katikati ya Yasini ya tatu magurudumu yalipogusa chini.

"Tumefika, mama."

"Tumefika wapi?"

"Unguja."

Akachungulia dirishani, akaona minazi. "Hii Tanga. Imewashinda, wameturudisha."

Rubani akaja mwenyewe kumsihi ashuke.

"Baba, mimi Unguja naijua," alimwambia. "Ni mchana kutwa na usiku kucha, na kutapika mara nne. Leo sijatapika hata mara moja."

Alikubali kushuka pale tu mchukuzi mmoja alipomwamkia kwa lafudhi ya Kiunguja.

Hakuna aliyekuja kutupokea. Simu yetu ya kuwaarifu ilifika kesho yake. Tukakodi gari, likapasuka mpira, likatengenezwa, likaishiwa maji. Kutoka uwanjani hadi Ng'ambo, kwa shemeji yangu, kukatuchukua muda mrefu kuliko kutoka Tanga, na mama mkwe akachangamka. "Hii sasa ndiyo safari."

Mke wangu alipotuona tunaingia chumbani pamoja alipigwa na butwaa. Mama yake alipomsimulia, alicheka huku kashika tumbo: "Msinichekeshe jamani, naumia!"

Mama mkwe akampokea mjukuu wa kiume, akamkagua, kisha akanipakatisha kwa mkono wake mwenyewe.

"Masikio yako haya," akaniambia kweupe. "Mungu atamsaidia."

Kuanzia siku hiyo tukawa tunazungumza ana kwa ana. Alikuwa na maneno ya miaka miwili moyoni, na hakuacha hata moja.