Uzito wa Mzee Kaheru

Sisi tuliokulia kwenye milima ya Kigezi, kabla minara ya simu haijaota huko kama uyoga, tulijua jambo ambalo madaktari wa Kampala hawalijui mpaka leo: mtu mchoyo huwa mzito. Sisemi uzito wa nyama. Mzee Kaheru, jirani yetu aliyejifungia ndani kila watu walipoitwa kubeba mgonjwa, alipougua yeye mwenyewe alikuwa mzito kama lori la mchanga. Miti ya machela ilipinda kama upinde, na waliombeba wakazama ardhini mpaka magotini. Tulioneshwa hata shimo lenyewe kwenye njia ya mtoni, limejaa maji na vyura, na tulilizunguka kwa heshima kila asubuhi tukienda shule. Niliamini mia kwa mia. Nimekuja kusoma shule ya jioni hapa mjini nikiwa na ndevu, nikafaulu hata fizikia, lakini moyoni nilijua kuna kitu mwalimu amekiruka.

Kwa msiokulia mlimani, nieleze kidogo. Kwetu hapakuwa na gari, na lingekuwapo lisingepata pa kuweka magurudumu yake yote manne kwa wakati mmoja. Tulikuwa na engozi, machela iliyosukwa kama kikapu kirefu, yenye miti miwili ya kuwekwa mabegani. Kila nyumba ilikuwa mwanachama wa chama cha engozi. Mtu akizidiwa, jirani mmoja alisimama ukingoni akaita, sauti ikavuka bonde, ng'ambo wakaipokea na kuirusha mbele, na kabla chungu cha viazi hakijachemka, uani pamejaa wanaume wanaopasha mabega moto. Walishuka wakipokezana, wengine wakiimba, wengine wakitaniana na mgonjwa kwamba akifa njiani watamrudisha akapande mwenyewe. Baba yangu alipenda kushika mbele, ambako kwenye mteremko uzito wote hukuangukia wewe. Alikuwa na msemo wake: "Mlima hauna gurudumu, una bega."

Nasi watoto tulikuwa na engozi yetu, kikapu kilichotoboka cha kuvunia mtama. Mchezo ulikuwa hivi: mmoja analala ndani anaugua kwa kelele, wengine wanambeba. Aliyekunyima kiazi jana alitangazwa mzito, tukaanguka naye makusudi kwenye kinyesi cha ng'ombe. Kwa hiyo hakuna aliyethubutu kula peke yake. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ungeweza kuukata kwa panga na kupeleka nyumbani kipande. Tulikwenda shule miguu mitupu, kila mtu na kiazi cha moto mfukoni, kilichotolewa majivuni. Kiazi kile kilikuwa jiko la mikono njiani na chakula cha mchana baadaye, na ukikutana na mwenzio asiye nacho ulikivunja, moshi ukawatoka nyote puani. Mimi nilikuwa mkarimu kupita kiasi nikisikia tu kichwa kinaniuma. Homa ikinijia, nilikuwa nimeshagawa viazi, gololi na sweta la kaka yangu.

Sasa niwaambie kinachonichosha. Mwaka huu, majira ya mvua, mama yangu aliteleza akichimba viazi kwenye matuta, akavunjika mguu. Mimi nipo huku kwangu, mtaa wa nyuma ya Kabalagala, napigiwa simu na majirani. Siku hizi kijijini hakuna anayeita kutoka ukingoni. Kuna kundi la ukoo kwenye simu. Nilipolifungua nilikuta habari imefika mpaka kwa binamu wa Nairobi, na mikono ya kuombea imejaa skrini yote, ya manjano, imekunjwa vizuri. Mikono mingi ajabu. Bega hata moja sikuliona.

Nikampigia Denis, mtoto wa dada yangu, kijana mwenye kifua kama mlango wa kanisa, ambaye hukitumia zaidi kupigia picha. Nikamuuliza bibi yake yuko wapi.

"Amelala ndani, mjomba. Tunasubiri boda."

"Boda itampakia vipi mtu aliyevunjika mguu?"

"Tutaona ikifika. Nayo inasubiri barabara, mvua imeiondoa."

Nikamuuliza kuhusu engozi. Alicheka kidogo, kwa adabu, kama mtu anayesikia babu akiulizia pesa za wakoloni. Akasema ile ni ya zamani, na kwamba mara ya mwisho alipoiona, kuku walikuwa wanatagia ndani. Hapo nilipandwa na hasira, nadhani hata wavuvi wa Ggaba walinisikia bila simu. Nilimwambia awafukuze kuku. Nikampigia mwenyekiti wa chama, akanijibu kwamba chama bado kipo, ila wanachama wako Kampala. Nikawapigia hao wa Kampala mmoja mmoja, na kila mmoja alinipa pole, akanieleza kwa urefu jinsi vijana wa kijijini walivyoharibika. Nilikubaliana nao wote.

Mchana ukapita hivyo, mama yangu akiwa amefungwa mguu kwa kanga na mwiko. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta basi la kwenda huko, nikijua nitafika kesho, na kesho mguu utakuwa umevimba kama mkungu wa ndizi, pengine ukatwe. Ndipo Denis akapiga tena, anahema. Wamefika barabara kubwa. Gari la hospitali limempokea bibi. Nikakaa chini palepale kwenye ngazi za duka la watu.

Leo mama anakaa kwangu, mguu umeunga, anatembea na gongo na kulalamikia kila kitu: viazi vya sokoni vina ladha ya gunia, na muziki wa Kabalagala unamtikisia meno. Juzi mchana alikuwa anamenya viazi hivyohivyo, nami nikaanza hotuba yangu ninayoipenda. Nikamweleza kwamba enzi zetu hatukuwa na njia lakini tulikuwa na watu. Leo kuna njia, mvua ikiruhusu, na ukiita unajibiwa na vidole gumba. Nikasema kijana wa leo hajui bega liliumbwa kwa kazi gani.

"Denis bega lake bado limevimba," mama akasema. "Nilikuwa mzito sana."

Nilicheka. Nikamwambia haiwezekani. Mwanamke aliyelisha nusu ya kilima, asiyewahi kula kiazi peke yake, lazima alikuwa mwepesi kama unyoya wa kuku wale. Uzito ni wa akina Kaheru. Nikamkumbusha miti iliyopinda, na shimo, na vyura.

Mama aliweka kisu juu ya sinia. Alinitazama kama anayetafuta wapi aanzie na mtu mwenye cheti.

"Kaheru alikuwa mkondefu kuliko mimi," akasema. "Ila siku ile watu walikataa kuja. Alibebwa na baba yako na wengine watatu. Mimi pia walikuja wanne."