Chozi Hazikwi Kabla ya Jua

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Woolwich hakuna aliyeruhusiwa kulia kabla jua halijatoka. Hiyo ilikuwa amri ya Nyanya, mama yake mama, aliyeshuka kutoka milima ya Taita akaja London kumsaidia binti yake kulea mtoto mchanga. Mtoto mwenyewe hakumsubiri. Nyanya alipofika, amevaa sweta mbili moja juu ya nyingine, mdogo wangu alikuwa amekwisha kuzaliwa, mapema mno kabla ya siku zake, na alikuwa amelazwa hospitalini ndani ya sanduku la kioo lenye joto. Alikuwa mdogo kiasi kwamba baba, alipoulizwa anafanana na nani, alisema, "Bado hajafanana na mtu."

Amri ile ilitokana na ndege. Kwao Nyanya, asubuhi za baridi, ukungu ungali umelala juu ya migomba, watoto huokota chozi chini ya maua. Chozi ni ndege mdogo anayefyonza asali ya maua, kijani cha kung'aa, mdomo umepinda kama sindano ya kushonea magunia. Humwokota amekakamaa, baridi kama kokoto, macho yamefumba. Mtoto asiyejua hukimbilia kumchimbia kaburi, na wakubwa humkataza. Husema kwamba chozi hufa kila usiku na kufufuka kila asubuhi, na ukimzika au ukimlilia kabla jua halijamwona, umemfungia njia ya kurudi. Basi unamfunika kwa viganja viwili, unaacha upenyo kati ya vidole gumba, unapumulia hapo taratibu, unageukia mashariki. Jua likimgusa akaruka, unamwambia, "Nenda ukanywe." Asiporuka, ndipo unalia, ndipo unazika.

Nilimwambia Nyanya, kwa Kiingereza changu cha darasani, kwamba kitu kikifa kimekufa.

"Nijibu kwa lugha niliyokusemesha," akasema. Lakini mimi, kama watoto wengi wa mtaa wetu, nilikielewa Kiswahili chote na nilikuwa sikisemi.

Taabu ilikuwa kwa mama. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee, kuwainua, kuwaogesha, kuwalisha. Mikono yake haikuogopa mwili wa mtu yeyote. Mwili wa mwanawe ndio ulioishinda. Manesi walimsihi amtoe mtoto kwenye kioo, amlaze kifuani, ngozi kwa ngozi. Akakataa. Alikataa hata kumpa jina. Alishinda kando ya lile sanduku, mikono ameibana kwapani, akitazama. Nilimsikia jikoni akimwambia baba, "Nikimshika, nitamzoea." Hakumalizia, na baba hakumwuliza.

Jumamosi moja baba alikuwa amelala baada ya zamu ya usiku, mama yuko hospitalini, na Nyanya akaamua kwamba mimi siwezi kushinda dirishani nikitazama magari. Nikampeleka kwenye jumba la makumbusho ambako shule ilikuwa imetupeleka. Nasema nilimpeleka kwa sababu treni nilizijua mimi. Nilitaka aone mifupa ya mnyama mkubwa kuliko nyumba. Akaitazama kutoka kichwani hadi mkiani.

"Huyu alikuwa anashiba wapi, maskini?" akasema, akapita.

Kwenye ukumbi wa ndege ndipo aliposimama. Palikuwa na kabati kubwa la kioo, na ndani yake mti mkavu, na juu ya mti ule ndege wadogo wengi, kila mmoja ametua kana kwamba ameitwa na sasa hivi ataitika. Chini kabisa, peke yake, kulikuwa na mmoja wa kijani, mwili wake kama kidole gumba changu. Sijawahi kuona kijani kama kile. Hakikutulia: nikisogea kushoto kilikuwa cha jani la mgomba, nikisogea kulia kikawa cha chupa, nikiinama kikawaka dhahabu.

"Chozi!" Nyanya aliita, kwa sauti ya mtu aliyekutana na jirani yake ugenini. "Wakesho, njoo uone, chozi wa kwetu!"

Nikasoma kibao. "Si wa kwetu, Nyanya. Ni wale ambao mabawa yao huvuma kama nyuki. Ametoka kwenye misitu ya milimani, Amerika Kusini."

"Milimani?"

"Ndiyo."

"Kuna baridi huko?"

"Nafikiri."

"Basi ni wa kwetu."

Ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nikimjibu kwa Kiswahili.

Mlinzi wa ukumbi, mzee mwenye ndevu nyeupe, alikuwa karibu. "Muulize," Nyanya akaniambia, "waliwaweka juani kwanza?"

"Nyanya, naona aibu."

"Aibu nitaona mimi. Wewe uliza tu."

Nikauliza. Yule mzee akacheka, si kwa dharau. "Juani? Mwambie bibi yako jua ndilo adui wao. Likiwapiga, rangi inakufa. Ndiyo maana mapazia yale hayafunguliwi."

Nilipomfasiria, Nyanya aliyatazama mapazia yale. Kisha akauliza, "Tangu lini wako hivi?"

"Tangu kabla sijazaliwa," akasema mlinzi, "na mimi mwenyewe si kijana."

Nyanya akaweka viganja vyake viwili juu ya kioo, mbele ya yule wa kijani. Mlinzi akafungua mdomo amkataze, akamtazama usoni, kisha akageuka kukagua ukuta wa pili, ambao haukuwa na kitu. Nyanya akapumulia kati ya vidole gumba. Ukungu mdogo wa mviringo ukatokea juu ya kioo, ukakaa, ukaondoka.

"Wazuri hivi," akasema, "na hakuna aliyewashika. Twende kwa mama yako."

Hospitalini tulimkuta mama palepale, mikono kwapani. Sanduku la mdogo wangu lilikuwa limefunikwa kitambaa chenye vipepeo. Nilimwona Nyanya akitazama kioo, akitazama kitambaa, na nikajua alichokuwa akikiona, maana nami nilikiona.

"Na huyu naye mmemfichia jua?"

Nesi mmoja, dada Mfilipino mwenye sauti ya chini, alinieleza kwamba mtoto wa umri ule anahitaji giza, kama alivyokuwa tumboni. Nikafasiri. Nyanya akalipima neno hilo kwa heshima.

"Sawa," akasema. "Tumboni kulikuwa na giza. Lakini tumboni hakuwa peke yake."

Nesi alipolisikia hilo kupitia kwangu, alimtazama mama. "Mwambie bibi yako, hayo ndiyo ninayoyasema mimi kila siku."

"Mama, tafadhali," mama akasema. "Usiniletee mambo ya chozi hapa. Hapa ni hospitali."

"Nimeleta nini? Nimekuja na mikono mitupu."

"Na akinifia mikononi?"

Basi, lilikuwa limesemwa. Mashine ziliendelea kulia tit, tit, tit. Nilimsubiri Nyanya aseme kwamba hatakufa, kama walivyosema watu wote wa kanisani. Hakusema.

"Atakuwa ameshikwa," alisema. "Lakini jua liko juu, mwanangu, naye yu hai. Hebu lete viganja."

Akaitoa mikono ya mama kwapani, mmoja mmoja, akaikunja mmoja juu ya mwingine, akaacha upenyo, akapumulia ndani. Mama yangu mzima, mwenye nguvu za kubeba wazee wa watu, alipumuliwa mikono kama mtoto aliyetoka kucheza kwenye theluji. Akatoa kicheko kilichokatika katikati. Kisha akaanza kufungua vifungo vya blauzi yake.

Nesi alisogeza kiti kuelekea dirishani, mpaka pale mirija iliporuhusu. Mdogo wangu akatolewa, mwekundu, mwenye nyaya, akalazwa kifuani pa mama na kufunikwa. Jua la London, jepesi kama uji wa mgonjwa, liliangukia mgongo wa mama. Mtoto halikumfikia.

"Halijamgusa, Nyanya," nilinong'ona.

"Limemgusa. Limepitia kwa mama yake."

Tulikaa. Hakuna aliyelia. Baada ya muda nesi aliinama kutazama mashine, akasema, "Ametulia kuliko alivyokuwa mle ndani." Na mama, akiwa amefumba macho, kidevu juu ya kile kichwa kidogo, akamwita kwa jina la baba yake mwenyewe, babu yetu aliyekufa: "Mwakio."

Leo Mwakio ananizidi urefu, na viatu vyake vimejaa ukumbini kama mitumbwi. Nimesoma tangu wakati ule kwamba ndege wale wavumao, wanaoishi kwenye milima ya baridi, huushusha moto wa miili yao usiku hata moyo ukakaribia kusimama, na alfajiri hutetemeka mpaka wakapata joto na kuruka. Nimesoma pia kwamba chozi wa nyanda za juu hufanya jambo kama hilo. Nilifurahi, lakini sikuhitaji kusoma ili nimwamini Nyanya. Najua dawa na mashine na manesi ndio waliomwokoa mdogo wangu. Ila katika jengo lile lote lililojaa maarifa, mama alikuwa hajui aifanyie nini mikono yake wakati anasubiri. Watu wa Taita walikuwa wamelijua hilo zamani, na walifundishwa na ndege asiyejaza kiganja.

Januari iliyopita simu ilipigwa kutoka Wundanyi, huko Taita, ambako Nyanya alikuwa amerudi, nje bado giza. Nyanya alikuwa ametutoka usingizini. Mama aliiweka simu mezani na uso wake ukaanza kuvunjika. Mwakio, ambaye hatujibu ila kwa Kiingereza, alimshika mikono.

"Mama," akasema, kwa Kiswahili kizito cha mtu anayebeba kitu cha kioo, "tungoje jua."

Tukangoja. Jua la Januari hapa huchelewa kama basi la Jumapili. Tulisimama watatu dirishani, baba nyuma yetu, mpaka lilipotokeza juu ya mapaa na kutugusa nyuso. Mama alifungua viganja vyake, vitupu, akasema, "Nenda ukanywe."

Kisha tukalia.